Kikombe cha Mwenyekiti

Kikundi cha vijana cha elimu ya Ukimwi kilikuwa na kikombe kimoja cha heshima, cha bati, cha rangi ya bluu, na Jumamosi hiyo Kiroboto alijikuta akikiosha mara mbili.

Alikuwa amechutama nyuma ya zahanati, mikono ndani ya karai ambalo maji yake yalikwisha kuwa mchuzi wa masizi na mapovu. Alikiosha kikombe, akakikung'uta, akakifudikiza juu ya tofali. Akazamisha mkono tena kutafuta vijiko, akatoka na kikombe kile kile. Akatazama kwenye tofali. Kikombe kilikuwa palepale, kinachuruzika maji kwa adabu. Basi walikuwa mapacha.

Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa mambo ya vyombo tu. Lakini onyesho zima la kikundi lilisimama juu ya kikombe kimoja. Kila Jumamosi, kwenye sakafu ya saruji katikati ya soko, Dada Fundi alisimama mbele ya watu na kusema kwamba amezaliwa na virusi vya Ukimwi, anameza dawa, anafanya kazi. Kisha alikunywa juisi nusu kikombe na kumpa Mwenyekiti wa kikundi nusu iliyobaki. Mwenyekiti alikiinua kikombe juu kama nahodha aliyekabidhiwa kombe, akatoa hotuba, akainywa juisi hadi tone la mwisho, akapangusa midomo. Watu walipiga makofi. Somo lilikuwa kwamba virusi haviambukizwi kwa kikombe, na lilikuwa somo la kweli kabisa.

Kiroboto hakuwahi kuelewa makofi yale yalikuwa ya nini. Dada Fundi alikuwa binti wa mama yake mkubwa, na kila likizo Kiroboto, msichana wa shule ya bweni, alilala chumba kimoja naye. Walichangia shuka, kitana, kikombe na ugomvi, na hakuna aliyewahi kukusanyika dirishani kumpigia Kiroboto makofi kwa ushujaa wake.

Alimfuata Mwenyekiti, aliyekuwa akikunja bango kwa uangalifu wa mtu anayekunja bendera ya taifa. Alikuwa kijana mrefu aliyemaliza kidato cha sita, shati lake limepigwa pasi hadi lingeweza kusimama lenyewe na kuhutubia. Alishawahi kushinda chemsha bongo ya mambo ya Ukimwi, na hakuwa mchoyo wa habari hiyo.

"Mwenyekiti, mbona vikombe viwili?"

"Hicho kingine cha akiba. Kiongozi hujipanga."

"Mbona cha akiba kinanuka juisi?"

Mwenyekiti alimtazama kama anayemtazama mdudu aliyempa jina lake. "Osha vyombo, Kiroboto."

Jumamosi iliyofuata Kiroboto alijitolea kukaa chini ya meza, na Mwenyekiti hakuambiwa. Nafasi hiyo haikuwa na wagombea wengi. Chini ya meza kulikuwa na mashine ya kipaza sauti, na waya wake mmoja ulikuwa umelegea wiki hiyo, kwa hiyo ilibidi mtu aushike kwa vidole tangu mwanzo hadi mwisho, huku akivuta harufu ya matumbo ya samaki, kabichi zilizooza na soksi za uongozi. Kitambaa cha meza kilifika hadi chini pande zote. Ndani mlikuwa na kigiza chekundu, kama ndani ya kinywa.

Na kikombe cha pili kilikuwa humo. Kilikwisha jazwa juisi, kimefunikwa kisosi.

Kisosi ndicho kilichomtia kinyaa kwanza. Mtu alikuwa amefikiria habari za nzi. Alikuwa amekaa chini kwa utulivu, akapanga udanganyifu wake, kisha akaona si vizuri udanganyifu huo uingie uchafu.

Juu, Dada Fundi alikunywa. Kiroboto alisikia makofi, kisha sauti ya Mwenyekiti ikisema, "Ndugu zangu, ngojeni niongeze sauti kidogo, hata wa nyuma wasikie." Kitambaa kikainuka. Ukaingia mkono peke yake, kama mkono wa mwizi dirishani, mwenyewe kabaki nje akitabasamu na hadhira. Mkono ukaweka chini kikombe cha Dada Fundi. Ukaondoa kisosi, ukachukua kile kingine. Halafu, kabla ya kutoka, ukajipangusa kwenye kitambaa cha meza, upande wa ndani, kila kidole na zamu yake.

Kiroboto aliendelea kushika waya, na kwa hiyo hotuba ya Mwenyekiti kuhusu upendo ilisikika vizuri sana hadi kwa wauza kuku.

Sasa, mtoto mwenye malezi angekwenda moja kwa moja kumwambia dada yake. Kiroboto alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni.

Dada Fundi alikuwa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, mdomo umebana pini, na kooni anavumisha kawimbo. Kawimbo hako kalikuwa hakajasikika nyumba ile kwa muda. Mwanzoni mwa mwaka kuna mtu alimwona kwenye dirisha la dawa pale zahanati, na kufikia mwisho wa wiki wateja walikuwa wamemkimbia. Mama Vitenge, muuza vitambaa wa sokoni aliyekuwa akimpelekea kazi zote za maana, alituma mtu kuchukua vitambaa vyake kabla hata havijakatwa, na mtu huyo alivipokea ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Nesi wa zahanati ndiye aliyemshawishi Dada Fundi ajiunge na vijana. "Wakikusema wao, watakusema vibaya," alimwambia. "Jiseme mwenyewe." Tangu kikombe kianze, wanawake walikuwa wameanza kurudi, mmoja na zipu, mwingine na pindo la sketi.

"Mama Vitenge anakuja Jumamosi," Dada Fundi alisema, akitema pini kiganjani. "Amesema anataka kuona kwa macho yake. Akiridhika, ananipa sare za kwaya nzima. Kwaya nzima, mdogo wangu. Wale mabonge wote wa sauti ya nne."

Kiroboto alianza kubandua rangi ya mlango kwa kucha.

"Una nini? Umekaa kama umemeza nzi."

"Sina kitu, dada."

Akatoka nje. Uani, mama wa jirani alikuwa akimwachisha mwanawe ziwa, na kwa kazi hiyo alikuwa amekata majani ya shubiri na kuyaacha kwenye bakuli yakitoa utomvu wake wa njano. Mtoto alikuwa amekwisha onja. Alikuwa ameketi kwenye vumbi akiitazama dunia kwa sura ya mtu aliyesalitiwa na serikali. Kiroboto aliitazama sura hiyo kwa muda mrefu, na mpango ukamjia.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Jumamosi angekamulia shubiri ndani ya kikombe cha Mwenyekiti, kile cha kisosi. Mwenyekiti angekunywa mbele za watu, na kwa kuwa ni mtu wa heshima zake, asingeweza kutema. Angemeza yote huku macho yakimtoka, akitabasamu, akijua kwamba kuna anayejua. Dada Fundi asingeambiwa lolote, kwaya ingepata sare, na Kiroboto angecheka hadi likizo nyingine. Kwa kweli ulikuwa mpango mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba ulimtegemea Mwenyekiti awe na ujasiri wa kumeza kitu.

Jumamosi ilipofika soko lilijaa. Mama Vitenge alikaa mbele kabisa, juu ya stuli aliyotoka nayo dukani kwake, kwapani amebana jora la kitambaa cha kijani. Nesi alisimama pembeni na sare yake nyeupe. Kiroboto alichungulia yote hayo kwenye upenyo wa kitambaa cha meza, akiwa ameshika waya kwa mkono mmoja. Vidole vya mkono wa pili vilikuwa bado vinanata utomvu.

Dada Fundi alizungumza vizuri kuliko siku zote. Hakuzungushazungusha maneno. Alisema alivyokuwa akiogopa kumeza dawa mbele ya wenzake shuleni, akajifunza kumeza bila maji, nyuma ya mlango. Akanywa nusu kikombe, akampa Mwenyekiti.

"Huyu ndiye shujaa wetu," alisema Mwenyekiti. "Ngojeni niongeze sauti, hata wa nyuma wasikie."

Mkono ukaingia, ukafanya kazi yake, ukajipangusa, ukatoka.

"Kwa upendo," Mwenyekiti alisema huko juu, akapiga funda kubwa, funda la mshindi wa chemsha bongo.

Halafu akaitema. Hakuitema kwa siri, ndani ya leso, kama ambavyo watu wazima hutema. Ilimtoka mdomoni na puani, nyekundu, ikatapakaa kwenye kitambaa cha meza na kwenye ncha ya kiatu cha Mama Vitenge. Akainama, akakohoa, akatema tena, mate marefu yanayoning'inia, akayakata kwa kiganja.

Soko likanyamaza. Hata kuku walinyamaza, au angalau Kiroboto hakuwasikia.

"Hata yeye kashindwa," ilisema sauti ya mwanamume nyuma.

"Kwa hiyo kumbe," alisema mwingine, na hakuimalizia, kwa sababu kila mtu alikuwa akiimalizia mwenyewe.

Stuli ya Mama Vitenge ilikwaruza saruji ikirudi nyuma. Dada Fundi alikuwa amesimama palepale, mikono mbele, kama mtu aliyenyang'anywa kitu asichokumbuka ni kipi.

Mwenyekiti aliinua kichwa. Kiroboto, chini ya kitambaa, alimwona akifikiri. Lilikuwa jambo la kuonekana kabisa, kama panya anayepita ndani ya turubai. Angeweza kusema juisi ilikuwa chungu. Lakini wangemuuliza mbona ya Dada Fundi haikuwa chungu, na jibu la swali hilo lilikuwa chini ya meza. Akamtazama Dada Fundi. Akatazama watu.

"Samahanini," alisema kwa unyenyekevu mkubwa, akipapasa tumbo. "Nilijitahidi. Mwili umekataa."

Hapo Kiroboto aliachia waya. Kipaza sauti kikapiga kwikwi na kufa. Akatambaa nje ya meza, nywele zimejaa vumbi, kikombe mkononi.

Watu wakaanza kucheka.

Hilo hakuwa amelipiga hesabu. Kwenye maigizo ya kikundi yeye ndiye alikuwa akicheza mlevi, tena alicheza vizuri, hivyo soko zima lilikuwa limefundishwa kwamba Kiroboto akitokea mahali, ni wakati wa kucheka.

"Juisi yake nimeitia shubiri mimi," alisema. "Hiki hapa ndicho kikombe cha dada. Hajakinywa. Hajawahi kukinywa. Huwa anakibadilisha hapa chini."

Walicheka zaidi. Mwanamke mmoja alimshika mwenzake bega. "Huyu mtoto atatuua."

"Haki ya Mungu nasema kweli. Kuna vikombe viwili."

"Viwili tena," mtu alidakia, na kicheko kikapanda.

Na Mwenyekiti, midomo yake bado inang'aa mate, naye akacheka. Aliiona njia, akaipita. Alinyoosha mikono kuelekea Kiroboto kama mtu anayemkaribisha msanii jukwaani. "Ndugu zangu," alisema, "hayo ndiyo maigizo yetu. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Kiroboto alikuwa amewahi kula panya wa kufa kwa dau la kalamu, au tuseme mkia wake, nyuma ya bweni, na alikuwa na tumbo la kuaminika. Makofi hayo hata hivyo hayakumezeka. Yalimmwagikia kama maji ya karai.

"Lete," alisema Dada Fundi.

Alichukua kikombe mkononi mwa mdogo wake. Akatwaa na kile kilichokuwa mbele ya Mwenyekiti. Akavitazama, bluu na bluu. Akachovya kidole kwenye kile cha Mwenyekiti, akaonja, na uso wake ukajikunja wote mara moja. Hakuwa akiigiza, na watu waliona kwamba hakuwa akiigiza. Kicheko kilianza kuzimika kutoka mbele kwenda nyuma.

"Siku zote?" alimuuliza Mwenyekiti.

"Dada, tuongee pembeni."

"Siku zote?"

Mwenyekiti alishusha sauti, lakini soko lilikuwa limetulia mno. "Kichwani najua. Njia zote nazijua, niulize yoyote. Ni kwamba kikifika mdomoni... Na mimi nina mama yangu mgonjwa, ananitegemea."

"Ningekwambia basi, ukishindwa usinywe. Nani alikulazimisha?" Dada Fundi aliuliza kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuusikia. "Watu wangeona unaogopa. Basi. Wengi wanaogopa. Ila umekaa umenitazama nikishukuru."

Kisha akamgeukia Kiroboto. "Na wewe ulijua lini?"

"Jumamosi iliyopita."

"Ukaja ukakaa mlangoni kwangu. Ukala wali wangu."

"Nilitaka kumkomesha, dada."

Dada Fundi aliviweka vikombe mezani, akakaza kilemba chake, akaondoka katikati ya watu. Walimpisha. Walimpisha kwa nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji.

Nyumbani, mchana ule wote, cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Nesi alipita kuleta habari: Mwenyekiti ameomba kupumzika uongozi ili ashughulikie masomo, vijana wamekubaliana bila mjadala, Mama Vitenge amerudi dukani na jora lake, na alipoulizwa amesema atafikiria. Nesi alikunywa maji, akamtazama Kiroboto kama anavyotazamwa mgonjwa asiyemaliza dozi, akaenda zake.

Kiroboto alisubiri kugombezwa. Alikuwa na ujuzi mkubwa wa kugombezwa. Shuleni alikuwa akigombezwa kwa ratiba. Lakini Dada Fundi alikaa kitandani akifumua pindo la gauni kwa wembe, uzi mmoja mmoja.

"Nimekosa, dada," alisema hatimaye.

"Najua."

"Nilijua atameza."

"Unajua kinachonichefua?" Dada Fundi hakuinua macho. "Yule nimeshamtema. Kuna wengi wa namna yake, wanakupa mkono huku wanatafuta sabuni. Wewe ndiye umenikwama hapa. Ulikuta mtu ananidhalilisha, ukaona, huu ni utani mzuri. Hukufikiria niambiwe. Ulifikiria nani atacheka."

Kiroboto alitafuta jibu. Majibu yake yote yalikuwa ya kuchekesha, na kila alilolishika lilimnukia vibaya. Kwa mara ya kwanza aliuona ujanja wake ulivyo, nao ulifanana na kile kisosi. Ulikuwa umefunika kitu vizuri sana kisiingie nzi.

"Jumamosi narudi sokoni," alisema Dada Fundi. "Kikombe sitaki tena. Mimi si dozi, nimezwe mbele za watu ndipo waamini. Nitasema yangu. Wewe utasema yako, yote, kwa mdomo wako. Na usiwachekeshe."

"Wakicheka wenyewe?"

"Utangoja wanyamaze."

Jumamosi hiyo haikuwa na bango wala meza. Waliokuja walikuwa wachache, na nusu yao walikuja kuona kama kuna mtu atatapika. Mama Vitenge alisimama pembeni, bila stuli, bila jora, mikono imefumbatwa, amevaa sura ya mtu anayepita tu. Dada Fundi alieleza habari za dawa anazomeza kila siku na jinsi virusi vilivyopungua mwilini mwake hadi vipimo havivioni. Kisha akasema, "Mdogo wangu ana neno," akasogea.

Kiroboto alipiga hatua mbele, na mara wakaanza. Hakuwa amefungua hata mdomo. Mtoto mmoja aliiga mlevi. Mikono ya Kiroboto ilitaka kufanya kitu, miguu ilitaka kuyumba. Mwili wote ulikuwa ukimsihi aanguke tu kidogo, awape walichojia. Alisimama wima. Akangoja. Kicheko kilikwisha upande mmoja, kikaanza upande mwingine, akakingoja nacho, na kungoja huko kulikuwa kuchungu kuliko chochote alichowahi kumkamulia mtu.

Walipotulia alisema. Alisema kuhusu mkono ulioingia chini ya meza na ulivyojipangusa. Alisema kwamba aliona, akamficha dada yake, akatia shubiri ili afurahi. Lilipotajwa neno shubiri mtu mmoja aliguna kwa kicheko, na hakupata mwenzake. Alisema kwamba watu walipodhani mwili wa Mwenyekiti umemkataa dada, ulikuwa umekataa ujinga wa Kiroboto.

"Mimi nina swali," alisema Mama Vitenge. "Huyo kijana amesoma. Alikuwa anaogopa nini hasa?"

Kiroboto alikuwa na jibu tamu la swali hilo, lenye shati na pasi ndani yake. Aliliacha.

"Alichokuwa anaogopa ndicho unachoogopa wewe, mama."

Watu wakageuka. Mama Vitenge alikunja uso, midomo ikambana kama pini zimo ndani.

"Sikuuliza habari zangu mimi."

"Najua, mama. Shikamoo."

Salamu ilikuja ikiwa imechelewa sana na hakuna aliyeicheka. Mama Vitenge hakuiitikia. Alitazama ncha ya kiatu chake, akamtazama Dada Fundi, na tangu dirisha la dawa, hii ilikuwa mara yake ya kwanza kumsemesha mwenyewe bila kutuma mtu.

"Fundi. Hizo dawa. Ukisahau siku moja, inakuwaje?"

"Karibu hapa, mama, nikueleze," alisema Dada Fundi.

Mama Vitenge hakukaribia. Lakini hakuondoka, na Dada Fundi alipaza sauti kidogo, akamweleza akiwa kule kule alikosimama, na wengine wakasogea ili wasikie. Kiroboto alibaki katikati ya saruji. Hakuna aliyemwambia akae.